Joseph Barcroft: Mwanasayansi aliyeupima mlima kwa damu yake mwenyewe

MNAMO mwaka wa 1920, katika mji wa Cambridge nchini Uingereza, mwanamume mwenye umri wa miaka 47 aliingia ndani ya chumba kidogo cha vioo, na mlango ukafungwa nyuma yake hata hewa ya nje isiweze kupenya. Humo alikaa siku sita.

Kadiri siku zilivyopita, wenzake waliokuwa nje walizidi kuipunguza oksijeni katika hewa aliyoivuta, hadi ikakaribia kiwango anachokipata mtu aliye karibu na vilele vya Mlima Kenya. Kichwa kikamwuma, tumbo likamchafuka na macho yakaanza kumpa taabu. Hatimaye ateri ya mkono wake ikapasuliwa ili damu ichotwe, kwanza akiwa amepumzika na kisha akiwa anafanya mazoezi.

Mtu huyo, Joseph Barcroft, hakuwa mfungwa wala mgonjwa. Alikuwa mtaalamu wa fiziolojia, yaani elimu ya jinsi viungo vya mwili vinavyofanya kazi, naye alitaka kujua jinsi damu inavyompatia binadamu oksijeni pale hewa inapokuwa haba.

Majibu aliyoyapata yangali yanatumika katika hospitali hadi leo. Hata hivyo, maisha yake yana funzo jingine. Mtafiti huyu aliyekuwa mwangalifu mno katika kupima damu aliwahi kutoa hukumu juu ya watu wa milimani, hukumu ambayo haikuwa ya haki wala ya kweli.

Mwana wa wafanyabiashara

Barcroft alizaliwa tarehe 26 Julai, 1872, katika mji wa Newry, kaskazini mwa Ireland. Jamaa zake walikuwa watu wa biashara ya kitani, na walikuwa waumini wa dhehebu la Marafiki, yaani Quaker, ambalo wakazi wa magharibi mwa Kenya wanalifahamu vyema kupitia misheni ya Kaimosi. Ni dhehebu ambalo tangu jadi limepinga vita.

Baada ya shule alijiunga na Chuo cha King's katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alihitimu kwa alama za juu. Mwaka wa 1903 alimwoa Mary Agnetta Ball, binti wa mnajimu mashuhuri Robert Ball. Mwana wao, Henry, naye alikuja kuwa mtafiti wa mzunguko wa damu.

Utafiti wake ulianza na jambo ambalo huenda msomaji akaliona dogo: tezi ya mate. Mnamo 1897, kwa ushauri wa mwalimu wake, John Langley, alianza kuchunguza kiasi cha oksijeni ambacho tezi hiyo hutumia inapofanya kazi.

Tatizo lilikuwa kwamba damu inayotoka katika tezi ndogo kama hiyo ni matone tu, ilhali vyombo vya wakati huo vilihitaji damu nyingi. Barcroft, akishirikiana na John Scott Haldane wa Oxford, alibuni njia ya kupima oksijeni katika kiasi kidogo cha damu, nao wakaichapisha mwaka wa 1902. Baadaye alibuni kipimo kingine cha vioo ambacho kiliitwa kwa jina lake na kutumika katika maabara nyingi.

Chuma kilicho ndani ya damu

Ili kuielewa kazi yake, yafaa tujikumbushe damu ni nini. Mwili wa mtu mzima una takribani gramu 3 hadi 4 za madini ya chuma, uzito usiozidi wa msumari mmoja. Karibu theluthi mbili za chuma hicho zimo ndani ya himoglobini, kitu kinachoipa damu wekundu wake.

Kila molekuli ya himoglobini ina atomu nne za chuma, na kila atomu hushika molekuli moja ya oksijeni. Bila chuma hicho, mapafu yangevuta hewa bure, kwani damu isingekuwa na mkono wa kuipokea.

Ajabu ni kwamba mkono huo haushiki kwa nguvu ile ile kila mahali. Mapafuni, kwenye oksijeni tele, himoglobini hujaa karibu yote. Ikifika katika misuli inayofanya kazi, ambamo oksijeni ni kidogo na mna joto na asidi, huiachilia. Ukiuchora uhusiano huo kwenye karatasi, unapata mstari uliopinda mfano wa herufi S.

Barcroft na wenzake walikuwa miongoni mwa walioonyesha jinsi joto, chumvi na asidi zinavyousogeza mstari huo upande huu au ule. Umbo lake linaeleza mambo mengi ya maisha ya kila siku. Sehemu yake ya juu ni tambarare, na ndiyo maana mkazi wa Nairobi, aliye takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hahisi upungufu wowote ingawa hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Damu yake bado hujaa karibu yote.

Ukivuka mita 3,000 mambo huanza kubadilika. Hapo mstari unateremka kwa kasi, na kila hatua ya kupanda humpokonya mtu oksijeni zaidi. Kitabu cha Barcroft kuhusu kazi ya damu katika upumuaji kilitoka mwaka wa 1914 na kikampa jina katika fani hiyo.

Mabishano ya marafiki

Wakati huo wanasayansi walikuwa wamegawanyika. Haldane, rafiki yake wa Oxford, aliamini kwamba mtu akiwa mlimani mapafu yake huisukuma oksijeni kwa nguvu ndani ya damu, kama tezi inavyotoa mate. Wengine, wakiongozwa na August Krogh na mkewe Marie wa Denmark, walisema mwaka wa 1910 kwamba oksijeni hupenya yenyewe, kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo.

Barcroft hakutaka kuamua shauri hilo akiwa kitini. Mnamo 1910 alikwenda kisiwani Tenerife pamoja na Mjerumani Nathan Zuntz na wenzao, na mwaka uliofuata akapanda Monte Rosa, katika milima ya Alps, hadi kwenye kibanda kilicho zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari.

Chumba cha vioo cha 1920 kilikuwa mwendelezo wa safari hizo. Iwapo Haldane alisema kweli, damu ya ateri ya Barcroft ingekuwa na oksijeni nyingi kuliko hewa iliyokuwa mapafuni mwake ilivyoruhusu. Haikuwa hivyo. Damu iliyotoka ilikuwa nyeusi nyeusi, na ilipungukiwa zaidi alipofanya mazoezi. Mapafu hayakuwa na nguvu ya siri. Haldane alifariki mwaka wa 1936 bila kuiacha nadharia yake, lakini ushahidi ulikuwa upande wa akina Krogh na Barcroft.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Barcroft alilala kwenye kitanda chake mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba alisimuliwa.

Mbwa na bwana

Hiyo haikuwa mara ya kwanza kwake kujitoa mhanga. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, licha ya malezi yake ya Quaker, alifanya kazi Porton Down, kituo cha serikali ya Uingereza kilichochunguza gesi za sumu. Huko kulizuka mjadala kuhusu gesi ya sianidi: je, kama inaua mbwa upesi, humwua mtu vivyo hivyo?

Barcroft aliingia katika chumba kilichojazwa gesi hiyo, bila kifuniko cha uso, akifuatana na mbwa. Kwa muda wa zaidi kidogo ya dakika moja mbwa alipepesuka, akaanguka na kuonekana amekufa. Barcroft akatoka kwa miguu yake. Asubuhi iliyofuata mbwa naye alipatikana yu hai.

Sianidi huishambulia atomu ya chuma, lakini si ile iliyo ndani ya damu. Hukamata chuma kilicho ndani ya seli zenyewe, katika vimeng'enya vinavyotumia oksijeni. Hivyo basi mtu hufa huku damu yake ikiwa imejaa oksijeni ambayo mwili hauwezi kuitumia.

Jaribio hilo lilikuwa la hatari kubwa, na leo lisingekubaliwa na kamati yoyote ya maadili. Lakini lilithibitisha jambo moja wazi: huwezi kuuchukua mwili wa kiumbe kimoja kuwa kipimo cha mwili wa kingine. Laiti Barcroft angelikumbuka somo hilo miaka michache baadaye.

Safari ya Peru

Mwishoni mwa mwaka wa 1921, Barcroft aliongoza kundi la watafiti wanane, wakiwemo Waingereza na Wamarekani, kwenda Peru. Kituo chao kilikuwa Cerro de Pasco, mji wa migodi ulio katika milima ya Andes, takribani mita 4,330 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni karibu asilimia 60 tu ya lile la pwani.

Walipanda kwa garimoshi kutoka Lima, huku behewa la mizigo likiwa limegeuzwa maabara. Wageni hao waliugua njiani na mjini, kama ilivyo kwa wengi wanaopanda ghafla: maumivu ya kichwa, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu.

Walijipima wenyewe, kisha wakawapima wenyeji. Damu ya mwanamume wa pwani huwa na takribani chembe nyekundu milioni 5 katika kila milimita moja ya ujazo, ilhali ya wenyeji wa Cerro ilipita milioni 6. Vifua vya wenyeji vilikuwa vipana. Katika damu ya wageni wenyewe, chembe changa zilianza kuongezeka, ishara kwamba uboho wa mifupa ulikuwa umeamka kufanya kazi.

Watafiti waliwaona pia wachukuzi waliopanda kutoka migodini wakiwa na mizigo mizito ya mawe ya madini migongoni. Kazi hiyo ingemwangusha mgeni yeyote hatua chache tu baada ya kuianza.

Ungetarajia kwamba mtu aliyeyaona hayo angestaajabia uwezo wa watu hao. Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1925 kuhusu mafunzo ya milimani, Barcroft aliandika kwamba wakazi wote wa nyanda za juu ni watu waliopungukiwa nguvu za mwili na za akili. Kwa maneno machache, mamilioni ya watu waliozaliwa, kulelewa na kuzaa milimani kwa maelfu ya miaka wakawekwa katika kundi la wagonjwa.

Mbona akakosea hivyo? Vipimo vyake vya damu vilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika mizani. Alijichukua yeye mwenyewe, mgeni aliyekuwa akihema na kuumwa kichwa, akamfanya kuwa kielelezo cha kila mtu aishiye juu. Alikilalia kitanda cha Cerro kwa majuma machache, kisha akadai kuwajua kunguni wake kuliko waliozaliwa juu yake.

Jibu kutoka Lima

Aliyemjibu alikuwa Carlos Monge, daktari wa Peru aliyezaliwa mwaka wa 1884. Mnamo 1927 Monge aliongoza msafara wa Waperu hadi mji wa La Oroya, nao pia walipima damu na mapafu. Katika kitabu chao cha 1928 alieleza kwamba mkazi wa Andes si mgonjwa wa pwani aliyepotea njia. Ni binadamu mwenye mwili uliojipanga upya kuishi alipo.

Alisema pia kwamba Barcroft mwenyewe ndiye aliyekuwa mgonjwa. Alikuwa na ugonjwa wa milima bila kutambua, kisha akauona ugonjwa wake katika watu wengine.

Monge hakuwa mtetezi wa kupamba mambo. Ni yeye aliyefafanua kwamba baadhi ya wakazi wa milimani hupoteza uwezo wa kukabiliana na mwinuko: chembe nyekundu huongezeka kupita kiasi, damu huwa nzito, midomo huwa ya samawati na mtu huumwa kichwa na kuchoka. Hali hiyo hadi leo huitwa ugonjwa wa Monge. Hata hivyo alijua kuwatofautisha wachache wanaougua na wengi walio wazima. Taasisi ya biolojia ya Andes iliyoanzishwa Lima mwaka wa 1931, na wanafunzi wake kama vile Alberto Hurtado, waliiendeleza kazi hiyo.

Utafiti uliofuata kwingineko uliimarisha hoja yake. Watibeti, mathalan, huishi juu sana bila himoglobini yao kupanda kama ya watu wa Andes. Njia za kuishi mlimani ni zaidi ya moja.

Mlima tumboni mwa mama

Si haki kuyapima maisha ya Barcroft kwa sentensi moja. Mwaka wa 1925, mwaka ule ule wa kitabu hicho, alimrithi Langley kama profesa wa fiziolojia Cambridge, wadhifa alioushikilia hadi 1937. Mwaka wa 1935 alitunukiwa hadhi ya Sir.

Katika safari ya Peru alikuwa ametambua kwamba kiasi cha damu mwilini hubadilika mtu anapopita maeneo ya joto. Akajiuliza damu hiyo ilikuwa imefichwa wapi. Uchunguzi wake kwa wanyama ulionyesha kwamba bandama ni ghala: mnyama anapokimbia au kuvuja damu, bandama hujikunja na kuzitoa chembe nyekundu zilizohifadhiwa humo.

Uzeeni aligeukia swali lililo karibu na kila familia, yaani jinsi mtoto anavyopumua kabla hajazaliwa. Akitumia kondoo, alionyesha kwamba kijusi huishi katika hali ya oksijeni haba, sawa na mpandaji aliye kwenye mlima mrefu mno. Hunusurika kwa sababu himoglobini yake huishika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama, ikaivuta kupitia kondo la nyuma.

Kitabu chake kuhusu maisha kabla ya kuzaliwa kilitoka mwaka wa 1946. Alikuwa ametunukiwa nishani ya Copley ya Chama cha Kifalme cha Uingereza mwaka wa 1943. Aliaga dunia ghafla mjini Cambridge tarehe 21 Machi, 1947, akiwa na umri wa miaka 74.

Alichotuachia

Swali moja alilolianza lilijibiwa muda mrefu baada yake: mwili hujuaje kwamba oksijeni imepungua? Mwaka wa 2019 William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kufafanua jinsi seli zinavyohisi upungufu huo na kuziagiza figo zitoe homoni inayouamsha uboho utengeneze chembe nyekundu. Vimeng'enya vinavyopima oksijeni hiyo navyo hutegemea chuma.

Ndiyo maana mlima peke yake haumpi mtu damu. Anayeishi juu lakini akakosa chuma katika chakula hubaki na upungufu wa damu, na huenda hata kipimo kisiuonyeshe. Kwa kuwa himoglobini ya mkazi wa nyanda za juu hupanda kiasili, nambari inayotosha Mombasa yaweza kuwa upungufu kwa mama mjamzito wa Iten au Nyahururu. Shirika la Afya Duniani linashauri viwango hivyo virekebishwe kulingana na mwinuko. Vidonge vya chuma anavyopewa mama huyo kliniki ni kwa ajili yake na kwa ajili ya yule mpandaji mdogo aliye tumboni.

Kuhusu hukumu yake ya 1925, wakazi wa nyanda za juu wenyewe waliijibu. Katika Olimpiki za Mexico za 1968, zilizofanyika zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Naftali Temu, Amos Biwott na Kipchoge Keino, wote wana wa nyanda za juu za Kenya, walitwaa dhahabu katika mita 10,000, kuruka viunzi na maji, na mita 1,500. Wataalamu wangali wanajadiliana kuhusu mchango wa mwinuko, mazoezi na malezi katika ushindi wa aina hiyo. Lakini hakuna anayeweza tena kudai kwamba mtu hupungua kwa kuzaliwa mlimani.

Barcroft alitufunza kwamba damu haisemi uongo ikipimwa vizuri. Kosa lake linatukumbusha kumchunguza na anayeipima: ametoka wapi, amekaa siku ngapi, na kama amemwuliza mwenyeji.